Mchuzi wa nazi na supu ya boga yenye tui: friji, friza, kuchemsha tena usiku, au tui likae pembeni?

Mpishi_Mikanjuni, Jumatatu saa 3 usiku

Hodi humu, wakuu na akina dada.

Niko Tanga. Nyumbani tuko saba, na siku tatu kwa wiki nina oda za chakula cha mchana za mafundi wa gereji hapa jirani. Vinavyokwenda sana ni kuku wa nazi na supu ya boga, ile nzito ya kusaga ambayo naimalizia kwa kasimile (tui la kwanza, zito). Kupika hakunisumbui. Kinachonisumbua ni kile kinachobaki.

Wiki iliyopita ilibaki supu kama lita sita. Niliiacha jikoni ipoe, nikapitiwa na usingizi, nikaiingiza friji saa 8 usiku na sufuria lake. Kesho yake saa 7 mchana nimenusa, nimeonja, haina neno. Nikaipasha tukala. Usiku ule shemeji alishika tumbo mpaka alfajiri, na binti yangu akaharisha mara mbili. Wengine hatukusikia chochote. Mpaka leo kuna mabishano: ni supu au ni maembe waliyokula siku ile?

Sasa napima njia nne. Ya kwanza ni hiyo ya sufuria zima kwenye friji, haina kazi. Ya pili kugawa kwenye makopo na kugandisha. Ya tatu ya bibi zetu, kuchemsha kabla ya kulala na kuchemsha tena asubuhi, maana umeme wenyewe mnaujua. Ya nne nimeidokezwa tu: kutunza supu au kuku bila tui, tui likamuliwe siku ya kula. Nani anatumia ipi, na mnajuaje kama imeharibika ikiwa pua yangu ilinidanganya?

Kijana_wa_Geto, Jumatatu saa 3:20 usiku

Mimi njia ya tano: usibakishe. Shemeji amalize.

Bi_Makadara, Jumatatu saa 4 usiku

Pole mwanangu, na shemejiyo mpe pole.

Mimi nina miaka sabini na miwili, ni mtu wa Mvita, Mombasa, na friji tumeijua ukubwani. Mchuzi wa nazi ulikuwa ukilala na kuamka. Watu wakisha kula, mchuzi warudi jikoni utokote wote, si pembeni pekee. Ukishautua hauguswi tena: hautiwi upawa, hauonjwi, hapana mtoto kwenda kuchungulia. Wafunikwa kwa kawa ya kusukwa, si kifuniko cha bati, kwa sababu tuliambiwa jasho la bati likidondokea mchuzi ndilo liuchachushalo. Alfajiri wachemshwa tena. Ramadhani mchuzi wa futari ndio uliokuwa wa daku, na tuko hai.

Nyinyi mwala kuku wa mwezi uliopita kwenye barafu, kisha mwatucheka sisi wa kiporo cha jana.

Fundi_Friji_Mbagala, Jumatatu saa 4:15 usiku

Dada wa Mikanjuni, njia yako ya kwanza ndiyo inayonipa mimi kazi, kwa hiyo nisingeisema vibaya, lakini acha niseme.

Friji ya nyumbani haikutengenezwa kupoza lita sita za kitu cha moto. Inatunza ubaridi uliokwishapatikana. Ukiingiza sufuria kubwa linalofuka, mashine inanguruma usiku kucha, maziwa na nyama vilivyo jirani vinapanda joto, na asubuhi ukitia kidole katikati ya supu bado pana uvuguvugu. Watu wananiita, "fundi gesi imeisha." Gesi ipo, ni sufuria.

Tena pima friji yako. Weka glasi ya maji rafu ya katikati, ilale, asubuhi tumbukiza kipimajoto. Isizidi nyuzi 4 au 5. Nimekuta majumbani friji zenye nyuzi 11 na mwenyewe anasema inagandisha vizuri, kisa kule juu kuna barafu. Halafu chukua noti, ibane na mlango, uivute. Ikitoka bila kukaza, mpira wa mlango umechoka. Na vitu vya kuharibika haraka usiviweke mlangoni, hapo ndipo pana joto kuliko kote.

AfisaAfya_Mstaafu, Jumatatu saa 5 usiku

Bi Makadara, shikamoo. Sikukatalii, nakuongezea.

Tuanze na pua ya dada yetu, maana haikumdanganya. Aliiuliza swali lisilo lake. Vijidudu vinavyochachusha chakula na vile vinavyowaletea watu maradhi si ukoo mmoja. Vya kuchachusha vina kelele: vinatoa ukali, povu, utelezi, harufu. Vya maradhi vingi vinakaa kimya. Supu inaweza kunukia iliki na tangawizi kama ilivyotoka jikoni na bado ikawa imebeba mzigo. Kwa hiyo harufu mbaya ni ushahidi kwamba chakula kimeharibika, lakini harufu nzuri haithibitishi lolote.

Aliyozungumza mpishi, kula saa 7 mchana na tumbo kusokota usiku bila kutapika sana, kwangu yanafanana mno na kijidudu kiitwacho Clostridium perfringens. Siwezi kuthibitisha kwa kusoma tu hapa, na maembe siyaachii moja kwa moja. Lakini huyu ndiye mwenyeji wa masufuria makubwa: nyama, kuku, maharage, michuzi mizito. Dalili huja kati ya saa 6 na 24 baada ya kula, ni msokoto na kuharisha, na kwa wengi hupita ndani ya siku moja.

Na hapa ndipo penye tatizo la njia ya Bi. Kuchemsha kunaua vijidudu vilivyo hai, hilo kweli. Lakini huyu na mwenzake Bacillus cereus wana tabia ya kujifungia ndani ya gamba gumu, tunaita spora, na spora haifi kwa kuchemka kwa kawaida. Jiko likizimwa na mchuzi ukipoa polepole, zinaamka. Perfringens anapenda nyuzi 43 mpaka 47 hivi, na hapo anaweza kujizidisha mara mbili kila dakika 10. Mmoja akikaa saa tatu katika raha hiyo anakuwa zaidi ya laki mbili na nusu.

Bacillus cereus (huyu zaidi ni wa wali uliolala, wali wa nazi ukiwemo) ana aina inayotoa sumu isiyovunjika hata uchemshe tena. Hapo kupasha moto kunaua mwizi baada ya mali kwenda. Huyo dalili yake ni kutapika, mapema, kati ya nusu saa na saa 6.

Kanuni tulizokuwa tukifundisha, za Shirika la Afya Duniani, ni hizi: chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 kwenye joto la kawaida, cha moto kikae juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo ndipo sokoni kwao. Kwenye joto la zaidi ya nyuzi 32, Wamarekani wanashusha hizo saa 2 ziwe 1, na Tanga mwezi wa Februari mnajua wenyewe.

Kijana_wa_Geto, Jumatatu saa 5:10 usiku

"Kupasha moto kunaua mwizi baada ya mali kwenda." Mzee umenitoa usingizini, nina wali wa jana hapa kwenye sufuria.

AfisaAfya_Mstaafu, Jumatatu saa 5:12 usiku

Uache huo, kijana wangu.

Mpemba_wa_Muscat, Jumanne saa 1 asubuhi

Salaam. Huku kiangazi kinapita nyuzi 40, kwa hiyo njia ya Bi Makadara hata tukitaka haiwezekani. Mchuzi haulali, unachacha usiku huo huo.

Mimi ni wa njia ya nne, mwaka wa sita sasa. Kuku napika na vitunguu, tungule, thomu, tangawizi, bizari, mpaka aive na rojo likamate. Hapo nasimamisha. Nagawa kwenye vyombo vya watu wawili wawili, nagandisha. Tui silitii. Siku ya kula nayeyusha, nachemsha barabara, kisha ndiyo natia tui na kulikoroga kwa kuchota na kumimina na upawa mpaka lipande.

Sababu si usalama tu, ni ladha. Tui ni mafuta yaliyoshikana na maji. Ukiligandisha, barafu inalitenganisha, na ukilipasha kwa haraka linakatika, unapata vijipande vyeupe vinaelea kwenye maji ya manjano. Si sumu, lakini mgeni humpi. Na boga lako la kusaga bila tui linaganda vizuri sana, halibadiliki.

Tui lenyewe pia unaweza kuligandisha kwenye vile vyombo vya vipande vya barafu. Kipande kimoja kwangu ni kama vijiko viwili vya chakula. Likitoka limetengana usishtuke, likoroge ndani ya mchuzi unaochemka, litashika kiasi. Nazi iliyokunwa nayo inaganda vizuri kuliko tui. Huku zinauzwa hivyo madukani, za kutoka India. La kopo haliumizi kichwa kwa sababu wengi wanatia kitu cha kulishikanisha, ila ladha ni ya kopo.

Mama_Watatu_Minneapolis, Jumanne saa 4 asubuhi

Mimi natunza supu za krimu ya maziwa, si tui, lakini hadithi ni moja. Supu ya viazi na krimu nikiigandisha ikirudi inakuwa kama mchanga mdomoni. Viazi vinakuwa sponji, krimu inajitenga. Ya boga na ya karoti zinavumilia. Kwa hiyo nami krimu naitia mwisho, siku ya kula.

Dada wa Mikanjuni, usipuuze hatua ya kupoza, kwangu ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Beseni la maji na barafu, sufuria ndogo ndani yake, koroga kila baada ya dakika chache. Kisha vyombo vifupi vipana, supu isizidi kimo cha vidole vitatu. Ikiwa hivyo hata kama ina uvuguvugu inaingia friji bila kusubiri. Ile habari ya "usiweke cha moto friji kitaharibika" tuliyolelewa nayo ndiyo inayofanya watu waache chakula mezani mpaka usiku wa manane.

Muda wangu: friji siku 3, ikizidi sana 4. Friza miezi 2 hadi 3 kwa ajili ya ladha. Juu ya chombo naandika tarehe kwa kalamu kwenye plasta, kwa sababu nyumba hii kila kopo la aiskrimu ni uongo.

Na kabla hamjauliza: ndiyo, nimewahi kuacha sufuria kwenye baraza juu ya theluji nikidhani Mungu kanipa friza ya bure. Usiku nyuzi 15 chini ya sifuri, mchana jua likalipiga lile sufuria jeusi, na kindi akafungua kifuniko. Sikurudia.

Mgao_Tena, Jumanne saa 6 mchana

Mnazungumza friza kama vile hamuishi huku. Kwetu wiki iliyopita umeme ulikatika saa 2 asubuhi ukarudi saa 1 usiku. Nina makopo manne ya mchuzi wa samaki wa nazi. Nimwage?

Fundi_Friji_Mbagala, Jumanne saa 7 mchana

Mkuu, inategemea ulifungua mlango mara ngapi. Friji isiyofunguliwa inashika ubaridi kama saa 4. Friza iliyojaa, saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Kwa hiyo vya friza, kama bado vina barafu ndani yake, rudisha vigande. Vya friji kwa saa 11, hata kama hukufungua, mimi nisingekula.

Ushauri wa kazi: friza yako ikiwa tupu, jaza chupa za maji zigande. Hela ya umeme haipandi, na siku ya giza hizo chupa ndizo jenereta lako. Na weka kikombe cha maji yaliyoganda chenye sarafu juu. Ukirudi safarini ukakuta sarafu imezama chini na maji yameganda tena, ujue kiliyeyuka chote ukiwa haupo.

Mgao_Tena, Jumanne saa 7:05 mchana

Hiyo ya sarafu naichukua. Makopo ya friji nimemwaga, roho inauma.

Kijana_wa_Geto, Jumanne saa 8 mchana

Swali la kweli sasa. Sina friji. Nina jiko la gesi la mtungi mdogo na hotpoti. Nikipika mchana nataka kula usiku. Nifanyeje?

AfisaAfya_Mstaafu, Jumanne saa 9 alasiri

Hotpoti inakufaa kuliko kuacha sufuria limefunikwa, ukiitumia ipasavyo. Ijaze kwanza maji yanayochemka, funga dakika 10, mwaga, kisha tia mchuzi ukiwa bado unatokota, ujae mpaka juu. Nusu hotpoti inapoa haraka. Ukiwa na kipimajoto, angalia saa ya kula: ikiwa nyuzi 60 au zaidi, kula kwa amani. Nyingi za bei rahisi hazifiki saa 4 hapo. Ikishuka, hesabu ya saa 2 imeanza. Kwa mtu wa chumba kimoja ningesema hata ukiwa na kuku mmoja, pika wa kuliwa siku hiyo hiyo, si wa siku mbili.

Kijana_wa_Geto, Jumanne saa 9:04 alasiri

Kuku mmoja! Mzee unaniheshimu sana. Ni dagaa.

Mpishi_Mikanjuni, Ijumaa saa 2 usiku

Nimerudi na majibu. Nilinunua kipimajoto cha jikoni, kile cha kuchoma kwenye nyama, nikafanya majaribio kama mtoto wa shule.

Jumanne usiku nilifuata njia ya Bi Makadara hatua kwa hatua. Lita sita za kuku wa nazi, zikatokota zote, nikazima saa 4 kamili usiku, nikafunika kwa kawa. Saa 9 usiku mtoto aliniamsha, nikapita jikoni: nyuzi 44. Saa 11 alfajiri: 37. Kwa maana hiyo kwa saa kadhaa mchuzi ulikuwa katikati ya nyuzi 60 na 5, palepale mzee aliposema ndipo sokoni kwao. Na jikoni ulikuwa unanukia vizuri mno, ndiyo iliyonitisha. Nilimpa nani? Sikumpa mtu. Nilimwaga kwenye shimo la taka nikaona uchungu wa nazi nne.

Jumatano nilifanya ya dada wa Minneapolis. Supu ya boga, sufuria ya lita mbili mbili, beseni la maji na barafu ya kununua ya mia tano. Nusu saa ilishuka kutoka kuchemka mpaka nyuzi 28. Nikagawa vyombo vifupi, friji. Friji yangu kwanza ilikuwa nyuzi 9! Fundi, ile noti ilitoka kama imepakwa mafuta. Nimebadilisha mpira, sasa iko 4.

Ya nne nayo nimeipenda. Nimegandisha boga la kusaga bila tui, makopo matano. Nimeacha vidole viwili juu maana la kwanza lilipanda likasukuma kifuniko. Leo asubuhi nimechemsha, nikakamua tui bichi, mafundi wa gereji hawakujua kama ni la Jumatano. Mmoja kasema leo umeongeza nazi.

Kwa hiyo kwangu mimi: oda ni njia ya nne, hakuna mjadala. Ya nyumbani iliyokwisha kutiwa tui, naipoza kwa beseni na kuiweka friji, iliwe ndani ya siku mbili, sisubiri ya tatu. Sufuria zima kwenye friji nimeacha. Kuchemsha usiku, Bi wangu, nisamehe.

Lililobaki ni dalili. Kuna vitu nilivimwaga zamani kumbe vilikuwa vizima. Asubuhi juu ya kuku wa nazi kuna tabaka jeupe gumu kama mshumaa. Chini mchuzi umeganda kama jeli. Ni nini?

AfisaAfya_Mstaafu, Ijumaa saa 3 usiku

Hilo la mshumaa ni mafuta ya nazi, yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi. Jeli ni ute wa mifupa na ngozi ya kuku, dalili kwamba mchuzi ulipikwa ukaiva. Supu kujitenga na kuacha maji juu nayo si kuharibika. Vyote hivyo vikipata moto vinarudi.

Cha kuogopa ni hiki. Vipovu vidogo vinavyopanda wakati chombo kiko baridi, maana kitu kinachochemka bila moto kinachacha. Kifuniko kilichovimba na kutoa pumzi ukikifungua. Utelezi, ukichota unavutika kama mlenda. Madoa ya ukungu, ya kijani, meusi au mekundu, na hapo usikwangue juu ukala chini, kwenye kitu cha majimaji umeshaenea. Harufu ya ukali kama togwa, au ya mafuta yaliyovunda kwenye tui. Ukiona kimojawapo, usionje ili kuhakikisha. Ulimi si maabara.

Halafu kuna jambo la huku kwetu ambalo vitabu vya wenzetu hawaliandiki: sisi tunatia ndimu, ukwaju, maembe mabichi. Mchuzi wa samaki wa ukwaju una ukali tangu jikoni. Ukianza kuchacha utaujuaje? Bizari na pilipili nazo zinaficha. Kwa michuzi hiyo usitegemee pua kabisa, tegemea tarehe. Na wanaosema ndimu inahifadhi: ndimu mbili kwenye sufuria la nazi haziufanyi mchuzi kuwa achari. Asidi ya kuzuia hawa jamaa ni ya kiwango cha siki.

Nyumbani kama kuna mjamzito, mtoto mdogo, mzee au mgonjwa, zile siku 3 zifanye 1 au 2, na pasha mpaka itokote katikati, si vuguvugu. Kuna kijidudu kiitwacho Listeria ambacho kinaendelea kukua hata ndani ya friji, polepole, na kwa mimba ni hatari. Na siku tumbo likishika, ORS mapema (ile dawa ya unga wa chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini). Damu kwenye choo, homa kali au mtoto kulegea, hapo ni kituo cha afya, si jukwaani.

Mpemba_wa_Muscat, Ijumaa saa 3:30 usiku

Naongeza moja. Kuyeyusha: toa friza uweke friji usiku wa kuamkia. Si juu ya meza ya jikoni kutwa nzima. Ukiwa na haraka, tumbukiza chombo chote kwenye maji baridi au weka bonge lenyewe la barafu kwenye sufuria na maji kidogo, moto mdogo. Na ulichoyeyusha ukakipasha, kile kinachobaki usikirudishe kugandisha. Chota cha kutosha tu.

Bi_Makadara, Ijumaa saa 4 usiku

Mpishi, hukunikosea, hapana la kusamehe. Umepima kwa chombo, mimi nilipima kwa watoto kumi na mmoja.

Lakini nimekaa nikafikiri tangu Jumatatu, na lipo nililolisahau. Sufuria zetu hazikuwa za lita sita. Nyumba ilikuwa na watu wengi, mchuzi ulikwisha, ulolala ulikuwa wa kufunika sahani tatu. Kidogo chapoa upesi. Na samaki wa daku wallahi hakuwa na tui usiku kucha. Mama alimwacha na chumvi na ndimu na bizari tu. Usiku wa manane twalala, tukisikia mbuzi ikikwaruza, khrr, khrr, ndipo tujuapo karibu kuamshwa. Mpiga daku na ngoma yake hajafika mtaani, nazi yakunwa. Tui likikamuliwa saa ile ile.

Mimi nilikuwa nikidhani ni kwa sababu alipenda tui bichi.

Mpishi_Mikanjuni, Ijumaa saa 4:06 usiku

Bi, kumbe njia ya nne ni ya mama yako.

Kijana_wa_Geto, Ijumaa saa 4:09 usiku

Na ile mbuzi bado ipo?

Bi_Makadara, Ijumaa saa 4:20 usiku

Ipo uvunguni. Mguu mmoja walegea, lakini yakuna.